Barua ya kuomba kazi: anza wewe, programu ifuate

Anayefanya kazi kwenye saiba, yaani duka la intaneti, hapa Kisumu husoma barua nyingi za kuomba kazi, atake asitake, kwa sababu yeye ndiye anayezichapisha. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayokuandikia ukiiagiza, ije mwishoni mwa 2022, barua hizo zimezidi kufanana. Aya ya kwanza ina shauku kubwa, ya pili ina bidii na uaminifu, ya tatu inashukuru mapema. Ukifuta jina la mwombaji ukaandika la jirani yake, hakuna kitakachoharibika.

Sisemi msiitumie akili unde. Kijana aliyesomea ufundi au uhasibu anaweza kuijua kazi yake barabara na bado Kiingereza cha barua rasmi kikamtoa jasho. Sasa ana msaada kwenye simu, tena wa bure. Shida ni namna tunavyouomba.

Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Wewe hazikujui. Ukiiambia tu "niandikie barua ya kazi ya karani wa stoo", itajaza mapengo kwa sifa za kila mtu, na pengine kwa uongo. Mpwa wangu wa kike aliandikiwa kwamba ana uzoefu wa miaka mitano, ilhali ndiyo kwanza amemaliza diploma.

Nilimwambia aweke simu kando anieleze alichofanya kwenye atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya wanafunzi. Akadai hakufanya la maana, alikuwa akihesabu mifuko ya saruji tu. Nikamsihi aendelee. Kumbe siku moja lori lilifika, karatasi ya dereva ikionyesha mifuko mingi kuliko ile aliyoihesabu. Dereva akamhimiza atie sahihi kwa kuwa amechelewa. Alikataa. Akahesabu upya mbele yake, na hakutia sahihi mpaka upungufu ulipoandikwa kwenye karatasi ile ile. "Sasa hiyo ndiyo barua, mama," nikamwambia. Mwenye duka la jumla pale Kibuye anatafuta mtu wa namna hiyo, na hakuna programu ambayo ingeyajua hayo bila yeye kuyasema.

Kwa hiyo andika kwanza mambo mawili matatu uliyoyafanya kwa mikono yako, kwa Kiswahili chako cha kila siku. Bandika tangazo la kazi lote, kisha mambo yako, halafu uagize hivi: "Niandikie barua ya Kiingereza chepesi, isiyozidi ukurasa mmoja. Tumia niliyoyasema pekee. Usiongeze cheo, miaka wala sifa ambayo sijaitaja. Kama kuna unachohitaji kujua, niulize kwanza." Sentensi hiyo ya mwisho ina faida kubwa, maana maswali yatakukumbusha mengi uliyoyadharau.

Usiweke humo nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru) wala simu za wadhamini wako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini habari ikishatoka kwenye simu yako ni vigumu kuirudisha. Hizo zijaze mwenyewe kabla ya kuchapisha. Na kama kazi ni ya serikali ya kaunti, soma tangazo kwa macho yako uone vyeti vinavyotakiwa, kama kile cha maadili mema kutoka DCI, idara ya polisi ya upelelezi. Anza kuvitafuta mapema.

Barua ikitoka, isome kwa sauti. Neno lolote usiloweza kulitamka ukiwa umeketi mbele ya wanaokuhoji, liondoe, hata likiwa tamu namna gani. Kisha iambie programu hiyo hiyo ijifanye mwajiri aliyeisoma barua yako, ikuulize maswali moja baada ya jingine. Majibu usiyaandike. Mtafute dada au rafiki, umjibu yeye kwa mdomo, na umruhusu akukatize pale asipokuelewa.