Jibu: Pedi ya pili inawaka lakini mchezaji wa pili haingii uwanjani

Salama mkuu. Kwa hiyo kwenye PS4 pedi ya pili inawaka, ila mkifungua gemu ya mpira mchezaji wa pili haonekani.

Anza na taa ya nyuma ya pedi. Ikimetameta nyeupe halafu ikazima, bado haijaungana na mashine. Ichomeke kwa waya wa USB kisha ubonyeze kitufe cha PS. Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga: kuna waya za kuchaji tu, hazipitishi data, hivyo pedi inajaa chaji lakini haiungani ng'o. Badilisha waya kwanza kabla ya kuilaumu pedi. Ikigoma bado, zima PS4, tafuta kitundu kidogo nyuma ya pedi karibu na kitufe cha L2, bonyeza kwa pini kama sekunde 5, kisha rudia kuchomeka.

Taa ikiwa nyekundu, pedi ni nzima na PS4 inamtambua mtumiaji wa pili. Kama haikumuuliza anayeishika ni nani, bonyeza PS kwenye pedi hiyo na umwingize kama mgeni.

Kisha ingia mechi ya kawaida ya kirafiki, maana si kila aina ya mchezo inakubali watu wawili. Kwenye ukurasa wa kuchagua upande, alama ya pedi yake hukaa katikati. Asukume kijiti chake mwenyewe mpaka alama ihamie chini ya timu yake. Ikibaki katikati, mechi itaanza na hatacheza.

Na hiyo pedi ya PS4 usiihamishie PS5 kwa gemu za PS5, haitacheza.