MOT inakagua nini hasa?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri, mimi niko Leicester, juzi nimenunua kigari cha 2016 na MOT yake, ule ukaguzi wa lazima wa gari kila mwaka huku Uingereza, inaisha mwezi ujao. Je wanakagua nini, na nikipita si ndo ujue injini nayo ni nzima?

JIBU: Nzuri dada, hongera kwa gari. Hapana, injini, klachi na giaboksi hawazifungui kabisa, wanachotaka kujua ni kama gari liko salama barabarani siku ile, yaani breki, taa, usukani, shokapu, mikanda, waipa, honi, kioo cha mbele na moshi wa ekzosi.

Sasa we anza na matairi, nakusihi. Chukua sarafu ya pensi 20, ichomeke kwenye mfereji wa tairi, ukiona ule ukingo wa nje wa sarafu ujue tairi limeisha au linakaribia, maana sheria inataka milimita 1.6 na mvua za huku unazijua, tairi kipara linapanda juu ya maji halafu hata ukanyage breki kwa miguu miwili gari linakwenda tu, na mbele kuna watoto wanatoka shule.

Jioni washa taa zote, mtu asimame nyuma akuangalizie za breki. Halafu usingoje siku ya mwisho, unaruhusiwa kupima karibu mwezi mzima kabla na tarehe yako haibadiliki. Ukikamatwa huna, faini inafika pauni 1,000.