Anza na flipa mbili na ubao mtupu: kwa unayetaka kujenga pinboli yako mwenyewe

Karibu kila anayeanza kujenga pinboli, ile mashine ya mchezo ambamo gololi hushuka kwenye ubao ulioinama, huanza na picha kichwani. Ana jina la mashine, ana mchoro wa ubao, ana orodha ya taa na sauti. Mimi pia nilianza hivyo. Ubao wangu wa kwanza niliutoboa matundu yote, nikaupiga msasa, nikaupaka rangi na vanishi, ndipo nikafunga flipa, yaani vile vikono vya chini vinavyoipiga gololi irudi juu. Gololi ya kwanza niliyoipiga kuelekea rampu ya kushoto, njia inayoipandisha gololi juu ya ubao, iligonga nguzo ya pembeni mwa mlango. Ya pili vilevile. Nilipiga jioni nzima na haikuingia hata moja, kwa sababu mlango wa rampu niliuweka mahali ambapo gololi ikitoka kwenye flipa haifiki. Nilikosea kwa sentimeta nne tu, lakini ubao ule haukuokoka.

Kwa hiyo ninakuomba jambo moja kuliko mengine yote: funga flipa mbili kwenye ubao mtupu, uzipe umeme, upige gololi kwa siku kadhaa kabla hujaamua kitu kingine chochote kikae wapi.

Flipa ndizo mchezo wenyewe. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 1930 hazikuwa nazo. Ulivuta springi, ukaiachia gololi, kisha ukabaki kuitazama ikishuka kati ya misumari. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa Humpty Dumpty yenye flipa 6 za umeme, zimepangwa pembeni mwa ubao. Mwaka uliofuata Steve Kordek aliiundia kampuni ya Genco mashine ya Triple Action, akabakisha 2 tu na kuziweka chini kabisa. Tangu hapo mchezaji ana jambo la kufanya, na kila kitu kilicho juu ya ubao kipo ili kipigwe kutoka kwenye sehemu mbili zile.

Itazame flipa ya kulia kwa karibu. Ikiwa imelala, ncha yake inaelekea kushoto na kushuka kidogo. Ukibonyeza kitufe, inazunguka mpaka ncha itazame juu. Gololi iliyo karibu na ncha inapata kasi papo hapo, inaiacha flipa mwanzoni mwa mzunguko wakati uso wake bado umeelekea kushoto, kwa hiyo inakatiza ubao kwenda kushoto. Gololi iliyo karibu na ekseli, mahali flipa inapozungukia, inasukumwa taratibu, inakaa juu ya flipa muda mrefu zaidi, na inaondoka flipa ikiwa imeshainuka. Hiyo inapanda wima, au inarudi kidogo upande wa kulia. Flipa ya kushoto ni hivyohivyo, kwa kugeuza. Ukishalielewa hili kwa macho yako, utaacha kupanga shabaha kwa kufuata uzuri wa mchoro.

Mimi hupima hivi. Juu ya ubao naweka kipande cha mbao kama ukuta, nabandika karatasi nyeupe, na mbele yake karatasi ya kaboni. Kila gololi inayogonga inaacha alama. Naiteremsha gololi kupitia njia inayoilisha flipa, napiga mapema, napiga kwa kuchelewa, narudia mpaka nifikishe mipigo 200 kwa kila flipa. Alama hazitawanyiki ovyo. Zipo sehemu zinazojaa weusi na zipo sehemu zinazobaki nyeupe. Kwenye weusi weka rampu na njia kuu. Kwenye weupe weka vitu vya kugongwa kwa bahati. Baada ya hapo kata maboksi ya kadibodi yawe kuta na milango, yashike kwa gundi ya karatasi, upige tena. Kadibodi unaihamisha kwa dakika moja. Tundu la skrubu kwenye plaiwudi halihami.

Vipimo vya kuanzia ni hivi. Gololi ya kawaida ni ya chuma, kipenyo chake milimita 27, uzito wake takriban gramu 80. Ubao wa kawaida una upana wa sentimeta 51 na urefu wa 107, umekatwa kwenye plaiwudi ngumu ya milimita 12 au 13. Unaweza kujenga mdogo zaidi, ila flipa zenye urefu wa kawaida kwenye ubao mdogo zinabana kila kitu, na mgeni wa kazi hii atajuta. Mteremko ni nyuzi 6.5, yaani nyuma ipo juu kuliko mbele kwa sentimeta 12 hivi. Kwa mteremko huo gololi inayobingirika huongeza kasi kwa takriban mita 0.8 kwa sekunde kila sekunde, chini ya sehemu moja ya kumi ya inavyoongeza ikidondoka wima. Ukiongeza nyuzi moja tu, kasi hiyo ya kuongezeka inapanda kwa karibu asilimia 15, na rampu iliyokuwa ikipandwa vizuri inaanza kurudisha gololi. Kwa hiyo chagua mteremko mwanzoni na usiubadilishe katikati ya majaribio. Pimamaji uilaze pia kwa upana. Ubao ulioinama kushoto utakudanganya kwenye kila kipimo.

Tuje kwenye umeme, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko wengi wanakounguza vitu.

Koili ya flipa, yaani sumaku ya umeme inayovuta fimbo ya chuma na kuizungusha flipa, kwa kawaida ina waya mbili zilizozungushwa pamoja. Moja ni nene, ya nguvu, yenye ukinzani wa omu 4 hivi. Ukiipa volti 48 inavuta ampea 12, zaidi ya wati 500. Nguvu hiyo inatakiwa kwa sehemu ndogo ya sekunde tu, flipa inapoinuka. Nyingine ni nyembamba, ina omu zaidi ya 100, na kazi yake ni kuishikilia flipa juu wakati mchezaji hajaachia kitufe, kwa mkondo usiofika nusu ampea. Swichi ndogo mwisho wa mzunguko, au programu yenyewe, ndiyo inayobadilisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Isipobadilisha, koili inapikika.

Niliwahi kuunguza moja. Sio ya flipa, ilikuwa koili ya bampa, kile kifaa kinachoirusha gololi inapokigusa. Nilikuwa najaribu programu, ikaganda katikati ya mpigo, na transista, swichi ya kielektroniki inayoiwasha koili, ikabaki inapitisha umeme. Sikusikia chochote. Harufu ndiyo iliyonishtua, harufu ya vanishi ya waya inayoungua, na nilipozima na kugusa, plastiki ya ndani ilikuwa imevimba kiasi kwamba fimbo ya chuma ilikwama humo. Tangu siku ile kila koili ninayofunga ina fyuzi yake, na bodi inayoiendesha ina kikomo cha muda kilichowekwa ndani ya bodi yenyewe, hata kompyuta ikiganda. Bampa inahitaji milisekunde 20 au 30 tu. Kama bodi yako haiwezi kukata yenyewe, usiitumie kwa koili.

Kila koili iwe na dayodi, kijifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake ukielekea upande wa chanya. Koili inapozimwa inarudisha mshituko wa umeme wenye volti nyingi kuliko ulizoipa, na bila dayodi transista ndiyo inayoumia. Ukiigeuza dayodi, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na fyuzi itakwambia. Umeme wa koili utoke kwenye chanzo chake, wa taa na wa bodi kwenye chanzo kingine, ila hasi zote zikutane sehemu moja. Kabla hujaingiza mkono chini ya ubao, zima, kisha subiri na upime kwa mita, maana kapasita kubwa hushika chaji hata baada ya swichi kuu kuzimwa.

Swichi nazo zina ugonjwa wao. Wengi huzipanga kwa safu na mistari, 8 kwa 8, ili swichi 64 zitumie waya 16. Ni mpango mzuri, lakini kila swichi inahitaji dayodi yake. Usipoweka, swichi tatu zikifungwa kwenye kona tatu za mstatili, mashine inaona na ya nne imefungwa, na utatafuta kosa kwenye programu wiki nzima wakati liko kwenye waya.

Kwenye programu sina mengi ya kukufundisha, kwa sababu kazi kubwa imeshafanywa na wengine. Mission Pinball Framework ni ya bure, imeandikwa kwa Python, na sheria nyingi za mchezo unaziandika kwenye mafaili ya maandishi bila kupanga programu hasa. Inafanya kazi na bodi kadhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya pinboli. Kama bado huna hata koili moja, chora ubao wako kwenye Visual Pinball, programu ya kuiga pinboli kwenye kompyuta, uuchezee humo; itakuonyesha njia zinazogongana, japo gololi ya kwenye skrini haina uzito wa ile ya mkononi na isikuzuie kufanya jaribio la karatasi ya kaboni.

Usisahau timazi. Ni fimbo inayoning'inia ndani ya pete ya chuma. Mchezaji akiitikisa mashine kupita kiasi, fimbo inagusa pete, flipa zinakufa na gololi inapotea. Ifunge mapema. Wanaojaribu mashine bila timazi huzoea kuisukuma, halafu hawajui tena kama njia fulani inapitika kwa ustadi au kwa kusukuma.

Ubao wa majaribio ukishakuwa na vitu vyote, waite watu waucheze ukiwa bado mweupe. Simama kando na penseli. Kila mahali gololi inapokwama, weka duara. Kila mahali inaporuka na kugonga kioo, weka msalaba. Mahali ambapo inaangukia katikati ya flipa bila mchezaji kuwa na la kufanya, chora mstari ulikotokea, kwa sababu mara nyingi kuna nguzo moja ya kusogeza milimita chache. Duara zikikoma kuongezeka, fungua kila kitu, laza karatasi kubwa juu ya ubao, uhamishe matundu yote kwa penseli, na ukate ubao mpya kutoka kwenye karatasi hiyo. Rangi inaenda kwenye huo wa pili.