Nyaya za Injini ya Ndege Zisiumie Mikononi mwa Fundi

SWALI: Baada ya kubadilisha pampu ya mafuta ya injini, kompyuta ya injini ilionyesha hitilafu ya kihisi cha joto ambacho hatukukigusa kabisa. Tulipokagua, tulikuta fungu la nyaya lililo jirani na pampu limesagika. Tungelikingaje?

JIBU: Kihisi hamkukigusa, lakini yaelekea fungu lake lilisogezwa ili kuipisha pampu. Tangu mwaka 2007 kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinazihesabu nyaya za ndege kuwa mfumo kamili unaojitegemea, nami naamini fundi anapaswa kuziona hivyo: si kizuizi cha kusukumwa kando.

Kabla ya kulegeza klampu ya kwanza, yaani kibano kinachoshikilia fungu la nyaya, piga picha ya njia ya fungu na ya kila klampu. Konekta, yaani kiungio cha kuchomeka nyaya, ikishachomolewa, kwa kushikwa ganda lake na si nyaya zake, ifunikwe papo hapo pande zote mbili, kisha fungu lifungwe kando kwa kamba laini, kwa sababu likiachwa lining'inie, uzito wote huangukia pale nyaya zinapoingia konekta. Mwongozo wa kawaida hautaki pindo lenye nusu kipenyo pungufu ya mara 10 ya kipenyo cha waya mnene kuliko zote katika fungu. Kitabu cha mtengenezaji kikisema vingine, kifuatwe hicho.

Madhara mengi, hata hivyo, hutokea wakati wa kurudishia. Itazame klampu kwa tochi: mpira wake ukiwa umepasuka au umeteleza, ukingo wa chuma hugusa waya, na mtikisiko wa injini hulila ganda la waya huo kidogo kidogo hadi shaba ionekane. Hakikisha pia hakuna waya uliobanwa kati ya masikio ya klampu boliti inapokazwa, wala fungu halilali juu ya bomba. Injini nyingi za kisasa huongozwa na kompyuta yenye njia mbili za udhibiti, moja ikiwa akiba ya nyingine, na nyaya za kila njia hupitishwa mbali na za mwenzake. Msizifunge pamoja kwa ajili ya unadhifu, maana jeraha moja litazizima zote mbili.

Mkikuta mchubuko, msiufunike kwa utepe tu. Uandikeni kwenye kumbukumbu za kazi, na utengenezwe kwa njia iliyoidhinishwa kabla vifuniko vya injini havijafungwa.