Kabla Hujaniletea Hoja: Maneno kwa Mkaguzi Mpya

Jina langu halionekani kwenye ripoti yoyote ya ukaguzi. Ripoti hutoka kwa sahihi ya Mkaguzi Mkuu, na vijana walioshinda na vocha za malipo miezi mitatu hubaki ndani ya faili. Meneja mwandamizi wa ukaguzi anakaa katikati ya hao wawili. Anapokea kazi za timu kadhaa kwa wakati mmoja, anazipitia, anazirudisha, anazipitia tena, kisha anazipandisha juu akiwa tayari kuzitetea. Wakaguzi wapya wengi hudhani kazi yangu ni kuona makosa ambayo wao hawakuyaona. Mara chache hutokea hivyo, kwa sababu vocha mmezishika ninyi. Siku nyingi mimi nashinda na swali moja: unajuaje? Naliuliza tukiwa bado ofisini, maana likija kuulizwa mbele ya kamati ya Bunge tukiwa hatuna jibu, hakuna pa kujificha.

Swali hilo nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza katika cheo hiki, timu moja ilikuta rejista ya mali ya taasisi ina magari kumi na moja, lakini uani wakahesabu manane. Wakaandika kwamba magari matatu hayapo. Hoja ilikuwa imepangwa vizuri, ina picha, ina nakala ya ukurasa wa rejista, nami nikaweka sahihi. Kwenye kikao cha kufunga ukaguzi afisa usafirishaji alifungua jalada lake taratibu, akaweka mezani barua ya kuhamishia magari mawili kituo kingine, halafu hati ya gereji iliyolipokea la tatu. Hakuna mtu wetu aliyewahi kumwuliza. Kuanzia hapo hoja zetu nyingine zote, na zilikuwa za kweli, zilibishiwa moja baada ya nyingine kana kwamba sisi ndio tunaokaguliwa.

Angalia lile neno "hayapo". Ndani yake yamejibana madai matatu: kwamba magari hayakuwa uani siku ile, kwamba hayako mikononi mwa taasisi, na kwamba hakuna anayejua yaliko. Ushahidi tuliokuwa nao ulibeba dai la kwanza peke yake. Nikipitia kazi yako leo, ninachofanya ni kupima kila kitenzi dhidi ya karatasi iliyo nyuma yake. "Ililipwa" inataka taarifa ya benki, kwa sababu vocha iliyoidhinishwa inaonyesha nia ya kulipa tu. "Ilipokelewa" inataka hati ya kupokea mzigo, na ikiwezekana mtu aliyeuona huo mzigo kwa macho. "Haikufanyika" ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa unalazimika kuonyesha ulitafuta wapi na ulimwuliza nani.

Malipo yasiyo na vielelezo yanaponza wageni wa kazi hii kuliko kitu kingine chochote. Unaomba vocha, huletewi, unaandika kiasi chote kama hasara. Subiri kwanza. Vocha isiyoonekana ina habari tatu zinazowezekana: imepotea, imefichwa, au haikuwahi kuwepo, na wewe bado hujui ni ipi. Omba kwa maandishi na weka tarehe ya mwisho. Wakati unasubiri, zunguka upande wa pili: taarifa ya benki inasema nani alilipwa, mzabuni ana nakala ya ankara yake, stoo ina daftari la kupokelea. Ukishapita huko kote bila kupata kitu, andika kwamba vielelezo havikuwasilishwa na kwamba kwa sababu hiyo hukuweza kuthibitisha uhalali wa malipo ya kiasi fulani. Sentensi hiyo inaonekana baridi, najua. Lakini haing'oki, na kiasi kikiwa kikubwa inaweza kutosha kubadilisha aina ya hati ya ukaguzi, yaani maoni yetu kuhusu hesabu zake, ambayo taasisi itapewa.

Na neno "wizi" liache kabisa. Kuamua nani mwizi ni kazi ya mahakama. Ukiona dalili za udanganyifu, kwa mfano sahihi mbili za watu tofauti zilizoandikwa kwa mkono mmoja, usizitangaze na usimhoji mtu. Tunza nyaraka jinsi ulivyozikuta, kisha nijulishe siku hiyohiyo. Hapo cheo changu kina maana, kwa sababu kuna njia ya kisheria ya kulipeleka jambo hilo kwa vyombo vya uchunguzi, na hatua ya papara inaweza kuharibu ushahidi ambao wachunguzi wataukosa.

Mmefundishwa darasani kwamba hoja ina viungo vitano: kigezo, hali halisi, sababu, athari na pendekezo. Kigezo na hali halisi huwa mnavipata. Athari mnaipata, ingawa wengine huitia chumvi. Panapolegea ni kwenye sababu. Nikifungua rasimu kumi, saba zitaniambia sababu ni "udhibiti dhaifu wa ndani" au "uzembe wa watumishi". Hayo ni majina ya ugonjwa wowote ule, hayanisaidii kujua umeanzia wapi.

Nichukue mfano wa ankara iliyolipwa mara mbili. Rasimu ya kwanza ilisema sababu ni uzembe wa mhasibu, na pendekezo likawa "menejimenti iimarishe udhibiti". Nikairudisha. Kijana akaenda kukaa na mhasibu nusu siku, akaona jinsi malipo yanavyoingizwa. Mara ya kwanza ankara iliingizwa kama 147, mara ya pili kama 0147. Kwa macho ya binadamu ni namba ileile, kwa mfumo ni ankara mbili. Isitoshe, kitengo kinacholinganisha ankara na hati ya kuagizia kilikuwa na mtu mmoja, na siku ile alikuwa likizo bila mtu wa kumkaimu. Sababu hizo mbili zina dawa zinazojulikana: mfumo ulazimishwe kusoma namba kwa muundo mmoja, na nafasi ile iwe na mbadala. Pendekezo la namna hiyo mtu anaweza kulitekeleza na mimi nikaweza kulikagua mwakani. "Imarisha udhibiti" utaikagua vipi?

Vijana wa sasa mna zana ambazo sisi hatukuwa nazo, nami nawaonea wivu kidogo. Mnaweza kupitisha malipo yote ya mwaka kwenye kompyuta badala ya kuchota sampuli. Mnapenda sana kanuni ya Benford, ile inayosema kwamba katika makundi mengi ya takwimu za asili tarakimu 1 huanza kwenye takriban asilimia 30 ya namba, na tarakimu 9 kwa chini ya asilimia 5. Itumieni, ila kwa akili. Posho zenye viwango maalumu hazitaifuata kanuni hiyo hata kama kila kitu ni halali, maana viwango vilipangwa na watu. Grafu yenye kilima mahali pasipotarajiwa inakuonyesha pa kwenda kutazama tu. Ukikuta malipo mengi yamerundikana chini kidogo ya kiwango kinachohitaji zabuni, kwa mzabuni mmoja, wiki moja, hapo una jambo la kufuatilia: huenda manunuzi yamegawanywa makusudi. Huenda pia kulikuwa na sababu halali. Nenda kwenye majalada.

Tukizungumzia sampuli, naomba jambo moja. Usikague mafaili uliyoletewa kwa sababu ndiyo yaliyoletwa. Wewe ndiye unayechagua, kutoka kwenye orodha kamili, na ukamilifu wa orodha hiyo uupime kwanza.

Kuhusu nyaraka za kazi, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 230 kina kipimo ambacho nakipenda kwa urahisi wake: mkaguzi mwenye uzoefu ambaye hakuhusika na kazi hiyo aweze kuelewa nini kilifanyika, ushahidi gani ulipatikana na uamuzi gani ulifikiwa. Huyo mtu ndiye mimi, saa mbili usiku, nikiwa na mafaili mengine matatu mezani. Ukiandika "nimeongea na mhasibu, akakubali", sijui ni mhasibu yupi, lini, wala alikubali nini. Kiwango hichohicho kinasema kukusanya faili la mwisho kwa kawaida kusizidi siku 60 baada ya tarehe ya ripoti. Msizitegemee hizo siku kutafutia ushahidi. Zimewekwa kwa ajili ya kupanga kile ambacho tayari mnacho.

Nikikurudishia faili lenye maswali ya mapitio, usijibu "imerekebishwa" ukaishia hapo. Nionyeshe wapi. Na ukiona nimekosea, bisha. Nimewahi kufuta hoja sahihi kwa sababu aliyeiandika alininyamazia kwa heshima. Heshima ya namna hiyo inatugharimu sote.

Suala la uhuru wa mkaguzi mtalisikia likizungumzwa kwa sauti kubwa. Azimio la Lima la mwaka 1977, lililopitishwa na INTOSAI, umoja wa taasisi kuu za ukaguzi duniani, linaweka wazi kwamba taasisi kuu za ukaguzi haziwezi kufanya kazi yake bila kuwa huru dhidi ya wale zinaowakagua na kulindwa dhidi ya ushawishi wa nje. Azimio la Mexico la mwaka 2007 likaja na kanuni nane, ikiwemo haki ya kupata taarifa bila vizuizi na uhuru wa kuamua yaliyomo kwenye ripoti. Hayo yanamlinda Mkaguzi Mkuu. Wewe wa chini uhuru wako unapotea kwa njia ndogondogo: gari la taasisi linalokuchukua kila asubuhi, mhasibu aliyegeuka rafiki, binamu yako aliyeajiriwa kitengo cha manunuzi ambaye hukumtaja kwenye fomu ya maslahi. Katika miaka yangu yote vitisho nimevikuta mara chache. Ukarimu nimeukuta kila mahali. Ndiyo maana nabadilisha timu kila baada ya muda, hata pale inapofanya kazi vizuri, na ndiyo maana wengine hununa.

Kuna mpaka mwingine ambao wengi huuvuka kwa nia njema. Mhasibu amekwama kwenye ulinganisho wa benki, yaani kuoanisha daftari lake la fedha na taarifa ya benki, wewe unajua namna ya kuufanya, unakaa unamsaidia. Mwezi unaofuata utaukagua ulinganisho huohuo. Unaweza kumweleza kosa lilipo, lakini kalamu ibaki mkononi mwake.

Baada ya ripoti kuwasilishwa Bungeni, kazi huhamia kwenye kamati ya hesabu za serikali. Utaratibu huu una umri: Uingereza iliunda kamati yake mwaka 1861, na sheria ya mwaka 1866 ikamtaka mkaguzi apeleke matokeo yake kwa Bunge. Kwetu sisi maana yake ni kazi ya usiku ya kuandaa muhtasari. Wabunge hawana muda wa viambatisho. Wanataka kujua kiasi gani, nani mwenye dhamana, na alisema nini alipoulizwa. Jibu la menejimenti liandikwe kwenye ripoti kama walivyolitoa, hata kama hulipendi, kisha maoni yetu yafuate.

Halafu mwaka unageuka na mnarudi kulekule kufuatilia mapendekezo. Wengi huona hii ni kazi ya kujaza jedwali: limetekelezwa, linaendelea, halijatekelezwa. Ile taasisi ya ankara mbili ilituletea jibu la "limetekelezwa", na kielelezo kilikuwa waraka wa kuwakumbusha wahasibu wawe makini. Kijana yuleyule hakuuchukua. Alimwomba mtu wa mfumo afungue upande wa majaribio, kisha mhasibu akaingiza ankara moja mara mbili mbele yake, mara ya pili akiongeza kistari katikati ya namba. Mfumo ukaipokea. Walikuwa wamefunga sifuri ya mbele, kistari wakakisahau. Hoja ikarudi kwenye ripoti, ikiwa na picha ya skrini, tarehe na jina la aliyeshuhudia. Nilipoipitia nilitafuta pa kuandika swali, nikakosa, nikaipandisha juu jioni ileile.