Jibu: Modeli ya hali ya hewa inapotoka nikiiendeleza kutoka faili

Habari ndugu. Umesema ukisimamisha modeli yako katikati na kuiendeleza kutoka faili ulilohifadhi, siku za mwanzo zinafanana na za awali, kisha zinaachana kabisa. Kabla hujagusa milinganyo, fungua hilo faili uhesabu tarakimu za kila namba: zikikatwa, tofauti ndogo ya mwanzo hukua. Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, yalimkuta hayo hayo mwaka 1961: kompyuta ilikuwa na 0.506127, karatasi ikachapa 0.506, akaingiza hiyo fupi, na baada ya miezi michache ya ndani ya modeli hali ya hewa ikawa nyingine kabisa. Kwa namba za desimali ambazo kompyuta huziweka kwa biti 64, mimi huhifadhi tarakimu 17 za maana, ili namba irudi ile ile ikisomwa. Msimbo wa programu yako sijauona. Tofauti ikibaki, bandika hapa sehemu ya msimbo inayosoma faili.