Mhubirie anayeweza kuondoka

Swali la wiki la jarida hili liliuliza: Je, Wakristo tunawashinikiza mno watu wa imani nyingine wabadili dini? Nalijibu nikiwa Mkristo, Mwanglikana mzaliwa wa Mpwapwa, na muuguzi mstaafu niliyefanya kazi katika wodi za hapa mkoani Dodoma. Jibu langu ni ndiyo, tunashinikiza, ila si pale ambapo wengi wananyooshea kidole.

Wengi wanalalamikia mikutano ya injili: jukwaa, kwaya, mhubiri anayepaza sauti mpaka inamkauka. Mimi mikutano hiyo naitetea. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini na hata kuibadili, na inasema kazi ya kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu. Anayepita kando ya kiwanja akasikia neno lisilompendeza anaendelea na safari yake kwenda sokoni Majengo, hakuna aliyemshika mkono. Akirudi kesho kusikiliza, amerudi kwa hiari yake.

Kipimo changu ni hicho. Huyu anayehubiriwa, je, anaweza kuinuka akaondoka bila kupoteza kitu? Mgonjwa kitandani hawezi. Mwanafunzi wa bweni hawezi. Dada wa kazi anayeitwa sebuleni kwenye maombi ya mwajiri wake hawezi, wala mzee aliyepanga foleni ya unga mwezi wa pili, ghala la nyumbani likiwa tupu. Kwa watu kama hao tumevuka mpaka, na tunavuka tukiamini kabisa kwamba tunamtumikia Mungu.

Nianze na wodi, maana ndiko ninakokujua. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, pamoja na ndugu waliobeba hotpoti za uji huingia vikundi vya maombi. Wengi ni watu wema. Wanaleta sabuni, wanamsalimu mgonjwa asiye na ndugu mjini, wanamnunulia maji. Lakini nimeona pia vikundi vikipita kitanda kwa kitanda bila kumuuliza mtu chochote, mikono ikiwekwa kichwani kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji asubuhi ile, ambaye hata kujigeuza hawezi. Muuguzi wa zamu akiwaomba wapunguze sauti au watoke, anaambiwa anashindana na Mungu.

Mama mmoja wa Kirangi, Mwislamu wa upande wa Kondoa, alikuwa na mtoto kwenye oksijeni. Wageni walipotoka akaniita. "Sista, wameniambia mwanangu amefungwa na dini ya baba yake. Nikikubali kuokoka atapona. Sasa nisipokubali, nitakuwa nimemuua mimi?" Nilimwambia, hapana mama, mtoto ana nimonia na dawa ameshaanza kupata, kaa naye. Nilikaa naye kidogo, kwa sababu maneno yale alikuwa ameambiwa kwa jina la Bwana ninayemwabudu mimi, na yeye alijua kwamba mimi ni Mkristo. Kumwambia mama kwamba uhai wa mtoto wake unategemea atakavyolijibu swali la mgeni ni kumtisha. Hata jina la Yesu likitajwa mara mia, kitisho kinabaki kitisho.

Najua wapo watakaonijibu kwa Mathayo 28: enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi. Agizo hilo nalishika. Ila aliyelitoa tumtazame yeye mwenyewe alivyofanya. Tajiri wa Marko 10 alipokunja uso akaenda zake, Yesu alikuwa amempenda, tena imeandikwa hivyo, na hakumkimbilia. Katika Yohana 6 wengi wa wanafunzi wake walipomwacha, aliwageukia wale Thenashara akawauliza kama na wao wanataka kuondoka. Petro alibaki akiwa na ruhusa ya kuondoka. Na kile kijiji cha Wasamaria katika Luka 9 kilipokataa kumpokea, Yakobo na Yohana wakataka moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze. Waliokemewa siku ile hawakuwa Wasamaria.

Hapa katikati ya nchi jambo hili lina historia yake, na si vizuri tukajifanya hatuijui. Injili ilifika Mpwapwa miaka ya 1870 kwa wamishonari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, waliokuwa na safari ya Uganda. Mwaka 1927 Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa, George Chambers akiwa askofu wake wa kwanza, na shule na hospitali zikaendelea kukua, Mvumi na kwingineko. Nashukuru kwa yote hayo. Lakini enzi za mkoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi wa Kiislamu aliyetaka mwanawe ajue kusoma alijua anaweza kurudishiwa mtoto mwenye jina la ubatizo. Malalamiko ya Waislamu wa nchi hii juu ya hilo yana msingi. Serikali ya Mwalimu Nyerere, naye Mkatoliki wa kwenda misa, ilipitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 na shule nyingi za madhehebu zikawa za umma. Leo shule za kanisa zipo tena, nyingi nzuri. Shule inayompokea mtoto wa Kiislamu na kuchukua ada ya baba yake haina haki ya kumwamsha usiku aende kwenye kesha.

Wazee wetu wa Uamsho, ile harakati ya Wakristo ya kutubu hadharani, walikuwa na njia nyingine, na naisikitikia kwa sababu inasahaulika. Uamsho ule ulianzia Gahini, Rwanda, ukaenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930 mpaka ukatufikia. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu Uganda, alikuwa mmoja wao, na aliwahi kufundisha hapa Dodoma katika shule ya Alliance. Watu wa Uamsho walisimama wakataja dhambi zao wenyewe. Aliyeiba alirudisha. Aliyekosana na shemeji yake alikwenda kuomba radhi. Jirani akirudishiwa jembe alilokwisha kulisahau, lazima atauliza, "Bwana we, umepatwa na nini?" Hapo ndipo waraka wa kwanza wa Petro unapotutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Petro anazungumza juu ya mtu aliyeuliza. Ushuhuda wa siku hizi mara nyingi hutaja dhambi za dini ya mwenzako.

Na hapo kuna jambo linaloniumiza. Kijana wa Kiislamu akibatizwa tunapiga vigelegele, anasimamishwa mbele, anapewa kipaza sauti aeleze ubaya wa alikotoka, na mama yake anakaa mtaa wa pili na ana masikio. Binti wa mzee wa kanisa akisilimu, tunasema amelishwa dawa. Wapo waliofungiwa mlango wa kwao. Ibara ile ile ya 19 inawalinda wote wawili, au haimlindi yeyote. Kama chanzo cha kubadili dini ni ndoa tu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, pale bomani, kila mmoja akabaki na dini yake. Mchungaji anayewapenda vijana wake awaeleze hilo kabla hawajaanza kudanganyana kuhusu imani zao.

Ya basi na ya vipaza sauti siyarefushi. Abiria wa Singida hawezi kushuka porini kwa sababu mhubiri amesimama kati ya viti. Jirani mwenye mtoto wa homa hawezi kuhama nyumba saa nane za usiku kwa sababu sisi tuna kesha. Wote wawili wamenaswa, na sheria za kelele zipo.

Njaa ni jambo zito zaidi. Ugogo tunaijua. Wazee walituhadithia Mtunya, ile njaa kuu ya nyakati za Vita ya Kwanza ya Dunia, na hata sasa mvua ikikatika mapema mtama unakauka shambani na watu wanaanza kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa. Kanisa likileta unga, liugawe kwa orodha ya wenye njaa. Ibada iwe siku nyingine, mahali pengine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, ulionya dhidi ya ushawishi usiostahili, hasa kwa maskini na wasio na elimu. Mwaka 2011 Vatikano, Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni walikubaliana kwa pamoja kwamba kutumia umaskini wa mtu kumvuta hakuna nafasi katika kazi ya Kikristo, na kwamba huduma ya uponyaji isitumie udhaifu wa anayetafuta kupona. Wakatoliki, Waprotestanti na walokole kwenye karatasi moja! Sijawahi kusikia ikisomwa kanisani.

Limebaki swali ambalo ndugu zangu katika imani huniuliza kwa uchungu wa kweli, nami silidharau. Mgonjwa akifa usiku ule bila kusikia habari za Yesu, utamjibu nini Mungu? Nimekaa na watu wengi katika saa zao za mwisho. Nitamjibu kwamba niliwaosha, niliwageuza wasipate vidonda, niliwapa dawa ya maumivu kwa wakati, na aliyeniomba nimwombee nilimwombea. Wapo Waislamu walioniomba hivyo, na wapo walioomba niwaitie shehe, nikamwita. Yaliyobaki ni ya Mungu, naye aliwajua kabla yangu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji wa Dodoma. Mgonjwa akilazwa, aulizwe kama angependa kuombewa na nani amwombee: padre, mchungaji, shehe, au asisumbuliwe. Muuguzi wa zamu aiweke orodha hiyo mezani kwake, na kila kikundi cha maombi kikifika kianzie pale mezani kabla ya kukaribia kitanda chochote. Haihitaji bajeti wala waraka kutoka wizarani. Nendeni kwa waganga wafawidhi mkaiombe ninyi, kabla wagonjwa hawajaanza kuiomba kwa sababu yetu.